Gitaa na Piano Bila Besi Wala Ngoma: Namna ya Kupishana Katika Jazi ya Watu Wawili

Katika bendi ya dansi, mpiga gitaa la ridhimu hahitaji kuambiwa akae wapi, kwa kuwa gitaa la solo, gitaa la pili na besi zimekwisha kumchorea mipaka. Bendi zetu za zamani kama Morogoro Jazz, Kilwa Jazz na Western Jazz zilibeba neno la kigeni, jazz, katika majina yao ingawa zilipiga dansi, na mgawanyo huo wa kazi ndio uliowezesha magitaa kadhaa kusikika kwa pamoja bila kugombana. Gitaa na piano zinapokutana peke yao kupiga jazi, mipaka hiyo haipo. Kila chombo kinaweza kupiga melodi, kodi na besi kwa wakati mmoja, na wapigaji wawili wenye uwezo huo, wasipopatana mapema, hupiga vyote wote wawili. (Nitatumia neno kodi kama tunavyolitumia mazoezini, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, nikijua kwamba mwenye nyumba wangu analitumia kwa maana nyingine.)

Mimi ni mpiga gitaa, kwa hiyo mwongozo huu unatazama mambo zaidi kutoka upande wa nyuzi sita. Utaratibu huu tumeufuata mimi na mwenzangu wa piano katika chumba cha mazoezi huko Sinza, Dar es Salaam, na tumeupanga kwa jinsi makosa yalivyotufundisha.

Hatua ya kwanza: gitaa liifuate piano

Usilinganishe gitaa lako na programu ya simu halafu ukakaa kupiga. Wakati wa masika, ubao wa sauti wa piano ya mbao hunyonya unyevu na kutuna, ukazivuta nyuzi juu kidogo, na piano iliyokuwa sawa mwezi Januari inaweza kuwa juu ya hertz 440, kiwango cha kawaida cha noti ya A, ifikapo Aprili. Mwombe mwenzako akupigie A iliyo oktavi mbili (oktavi ni umbali kati ya noti na inayofuata yenye jina lilelile) chini ya ile ya 440, aishikilie kwa pedali, nawe ulinganishe uzi wa tano, ukihesabu kutoka ule mwembamba, ukiwa wazi. Kisha afanye hivyo hivyo kwa kila uzi uliobaki. Kama mnatumia piano ya umeme, hatua hii ni ya dakika moja.

Hatua ya pili: jueni mnakutana wapi

Muziki wa gitaa huandikwa oktavi moja juu ya sauti yake halisi, na jambo hili dogo huleta vurugu kubwa kwa wanaosoma karatasi moja. C ya katikati ya piano hulia kwenye uzi wa pili, freti ya kwanza (freti ni zile nafasi zilizogawanywa kwa vyuma kwenye shingo ya gitaa). Mpiga gitaa anayeiona C hiyo kwenye karatasi na kuipiga kwenye uzi wa tano, freti ya tatu, ametua oktavi nzima chini, ndani ya eneo la mkono wa kushoto wa mwenzake. Kwa hiyo, kabla ya wimbo wowote, pigeni melodi pamoja polepole na mkubaliane nani anaipiga katika oktavi ipi. Kodi nyingi za gitaa hukaa katika oktavi moja juu na moja chini ya C hiyo ya katikati, na hapo ndipo mikono ya mpiga piano hupenda kupumzika. Gitaa linaposindikiza, piano ipande juu. Piano inaposindikiza, gitaa lipige melodi kwenye nyuzi tatu nyembamba.

Hatua ya tatu: besi iwe na mwenyewe mmoja

Tulipopiga mara ya kwanza mbele ya watu, katika hoteli moja ya ufukweni, hatukuwa tumeliongelea hili. Wimbo ulikuwa katika ufunguo wa C. Mimi nilikuwa nikitembeza besi, noti moja kwa kila pigo, kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene, naye alikuwa akiitembeza kwa mkono wa kushoto. Tulipofika kwenye G ya saba inayorudisha wimbo nyumbani, yeye aliamua kuibadilisha na kuweka D flati ya saba ili ateremke nusu toni, yaani freti moja, hadi C, jambo ambalo wapiga jazi hulifanya kila siku. Kidole changu kikapiga G ileile iliyoandikwa. Noti mbili za besi zisizohusiana zikanguruma kwa pamoja, na mhudumu aliyekuwa akipita na sinia akageuka kututazama.

Tangu siku hiyo tunaandika pembeni ya karatasi, kwa kila sehemu ya wimbo, jina la mwenye besi. Asiye na besi haruhusiwi kupiga noti ya msingi ya kodi, ile inayoipa kodi jina, hata kama mkono unamwasha.

Hatua ya nne: punguza kodi hadi zibaki noti mbili

Hapa ndipo penye kazi nyingi, na ningeshauri mkae hapa wiki kadhaa. Chukueni mfuatano wa kawaida kuliko yote katika jazi: D maina ya saba, G ya saba, C meja ya saba. Katika kila kodi, noti zinazoitambulisha ni ya tatu na ya saba, ukihesabu kutoka noti ya msingi. Noti ya msingi inabebwa na mwenye besi, na ya tano mara nyingi haina habari mpya.

Kwenye gitaa, weka kidole kwenye uzi wa nne, freti ya tatu, upate F, na kingine kwenye uzi wa tatu, freti ya tano, upate C. Hiyo ndiyo D maina ya saba. Sasa iache F palepale na uishushe C freti moja tu, iwe B: umekwisha kufika kwenye G ya saba. Halafu iache B palepale na uishushe F freti moja, iwe E: umefika nyumbani kwenye C. Kodi tatu zimepita, na vidole vimesogea freti mbili kwa jumla.

Rudini sasa kwenye aibu yetu ya hotelini. Noti ya tatu na ya saba za G ya saba ni B na F. Katika D flati ya saba ni zilezile, ila zimebadilishana nafasi. Kama ningekuwa nimeshika noti zangu mbili na kuiacha besi, mwenzangu angeweza kuchagua G au D flati apendavyo, katikati ya pigo, bila kuniambia, nami ningekuwa sahihi katika hali zote mbili.

Pigeni mfuatano huu mkipokezana: mmoja ashike noti mbili, mwingine apige besi na melodi, kisha mbadilishane kila baada ya vipimo vinane, kila kipimo kikiwa na mapigo manne.

Hatua ya tano: mapambo ni ya mmoja kwa wakati

Mapambo ni noti za ziada juu ya kodi. Mpiga piano akiongeza A flati juu ya G ya saba nawe ukaongeza A, mmepiga noti mbili zinazotofautiana kwa nusu toni, na msikilizaji atadhani mmoja wenu amekosea. Sisi tumekubaliana kwamba mwenye solo ndiye mwenye mapambo. Anayesindikiza hubaki na noti zake mbili hadi asikie solo inaelekea wapi. Vilevile, melodi inapotua juu ya C katika kodi ya C meja ya saba, anayesindikiza aiache B na kuweka A, kwa kuwa B iliyo chini ya C hiyo huikwaruza melodi.

Hatua ya sita: mapigo yabaki bila mpiga ngoma

Wekeni metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, katika milio 60 kwa dakika na mhesabu kila mlio kuwa pigo la pili na la nne, ili mwendo wenu halisi uwe 120. Mkilizoea hilo, ipunguzeni hadi 30, ilie mara moja tu kwa kila kipimo. Wakati piano inapiga solo, gitaa linaweza kushika mapigo manne kwa kila kipimo, kwa namna ya mpiga gitaa Freddie Green, aliyejiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 na ambaye mara nyingi alisikika akipiga noti moja au mbili tu za kodi. Namna hiyo ikitumika, mkono wa kushoto wa mpiga piano ukae kimya au uguse kidogo tu kati ya mapigo.

Kwa kusikiliza, tafuteni albamu ya Bill Evans (piano) na Jim Hall (gitaa) ya mwaka 1962 iitwayo Undercurrent, ambayo wanapiga wawili peke yao. Mara ya kwanza fuata gitaa tu, na mara ya pili fuata piano tu, ukihesabu kwa vidole vyako kila mara mmoja wao anaponyamaza. Vidole havitatosha.

Hatua ya saba: kujibizana

Gawaneni solo kwa vipimo vinne vinne katika wimbo wa vipimo 32, na wekeni sharti moja: anayepokea aanze na noti ya mwisho ya aliyemaliza. Sharti hili hukulazimisha kumsikiliza mwenzako hadi mwisho badala ya kupanga utakachosema. Umeme ukikatika mazoezini na amplifaya ikazima, msisimame iwapo piano ni ya mbao. Gitaa lisilo na amplifaya humfundisha mpiga piano kupiga taratibu kuliko maneno yoyote nitakayomwambia.

Kuhusu kumaliza, rudieni vipimo vinne vya mwisho mara tatu, na katika mara ya tatu mwenye melodi ainue kichwa. Noti ya mwisho aiachie mwenye besi, na yule mwingine asiguse kitu hadi pedali iachiliwe.