Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Feni ya Dari Yenye Taa

Wanunuzi wengi huanza na rangi ya mapanga na umbo la taa, ilhali kinachoamua ni feni gani itafaa ni dari yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya chuma upime kimo cha chumba kutoka sakafuni hadi darini. Mapanga hayatakiwi kuwa chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na yakifika mita 2.4 ni vizuri zaidi. Vilevile kati yake na dari ibaki nafasi ya sentimita 20 hadi 30, kwa sababu feni iliyobanwa sana na dari hukosa hewa ya kutosha ya kuvuta. Jambo linalosahaulika ni kwamba taa huning'inia chini ya mota, hivyo ndiyo inayokuwa karibu zaidi na vichwa vya watu. Chukua mfano wa dari ya mita 2.6: mapanga yakishuka sentimita 25 yatakuwa kwenye mita 2.35, na bakuli la taa lenye kina cha sentimita 20 litafika mita 2.15. Juu ya meza au kitanda cha kawaida kimo hicho hakina tatizo, lakini mahali ambapo mtu mrefu husimama akavua shati kwa kuinua mikono, hapo pana hatari. Juu ya kitanda cha ghorofa cha watoto feni ya dari isifungwe kabisa.

Baada ya kimo, chunguza dari imeshikiliwa na nini. Feni yenye taa huweza kuwa na uzito wa kilo 5 hadi 10, na zile zenye bakuli la kioo huelemea zaidi, lakini uzito peke yake si tatizo kubwa. Taa ya kawaida hutulia ilipo, na feni hutikisika kila inapowashwa, kwa miaka. Ubao wa jipsamu au plaiwudi hauwezi kuihimili. Ni lazima ishikwe na boriti ya mbao iliyo juu ya dari, au ndoano na boliti zilizokita ndani ya zege. Kwamba mahali hapo pamekuwa na taa kwa muda mrefu bila kuanguka si ushahidi wa lolote. Fundi akisema atakaza skrubu kwenye jipsamu tu na mambo yatakwenda, tafuta fundi mwingine.

Nyaya ndizo huleta majuto mengi. Katika nyumba nyingi, mahali pa taa hupelekewa waya mmoja tu wa umeme kutoka kwenye swichi, pamoja na nyutro (waya wa kurudisha umeme) na pengine waya wa ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini). Ukiunganisha feni yenye taa hapo bila kubadili chochote, swichi moja itawasha vyote viwili kwa pamoja, na usiku utakapotaka upepo bila mwanga itabidi uchague kulala na taa au kulala na joto. Suluhisho lililo bora ni kuvuta waya wa pili ili kila kimoja kiwe na swichi yake ukutani, na ni rahisi zaidi kufanya hivyo kabla kuta hazijapakwa rangi. Pasipowezekana, nunua feni yenye rimoti au yenye vikamba viwili vya kuvuta. Rimoti ina masharti yake: swichi ya ukutani lazima ibaki imewashwa wakati wote, na mtu yeyote akiizima kwa mazoea, rimoti haitafanya kazi. Muulize muuzaji pia feni hufanya nini umeme unaporudi baada ya kukatika, kwa kuwa baadhi hurudi na taa ikiwa imewaka, hata saa nane za usiku. Mota isiunganishwe kamwe na kile kitufe cha kupunguza mwanga wa taa, kwa sababu hakikutengenezwa kwa ajili ya mota. Itavuma na hatimaye kuharibika.

Kuhusu taa, amua kwanza kama itakuwa mwanga pekee wa chumba au nyongeza tu. Chumba cha kulala hutosheka kwa makadirio ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba, wakati mahali pa kusomea huhitaji zaidi ya hapo. Mwanga wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000 ni wa manjano na hufaa kupumzikia, ule wa 6500 ni mweupe mkali. Mimi ningechagua taa inayopokea balbu ya kawaida kuliko LED iliyojengewa humo humo, kwa sababu ile ya pili ikifa huenda ukalazimika kuagiza kipuri cha kampuni hiyo hiyo, kama bado kinatengenezwa. Angalia pia taa nyingine zilizopo chumbani: taa iliyo juu ya mapanga hukatwakatwa na vivuli vyake, na anayesoma chini yake huona ukurasa ukimemeta hadi macho yachoke.

Ukubwa wa mapanga hufuata ukubwa wa chumba. Chumba cha mita za mraba 12 hivi hutoshwa na feni yenye kipenyo cha sentimita 105 hadi 110, na sebule ya mita za mraba 20 huhitaji 130 au zaidi. Ncha za mapanga zibaki angalau sentimita 45 kutoka ukutani. Idadi ya mapanga si kipimo cha upepo. Mota za kawaida hutumia wati 50 hadi 80, zile za DC (umeme wa mkondo mmoja) mara nyingi wati 25 hadi 35, kwa hiyo feni inayozunguka usiku kucha ndiyo hufidia bei kubwa ya mota ya DC. Kwa veranda au bafu, chagua feni iliyoandikwa kuwa inafaa mahali penye unyevu, maana mapanga ya mbao za kushindiliwa hulegea na kuinama.

Kabla fundi hajaondoka, iwashe katika kila mwendo, kisha izime, ushike rula wima ikiwa imegusa dari, usawa na ncha ya panga moja, na uyazungushe mapanga kwa mkono taratibu. Yote yakipita kwenye alama ile ile ya rula, yamefungwa sawa. Moja likipita juu au chini zaidi, skrubu zake zikazwe upya fundi akiwa bado yuko kwenye ngazi.