Kukodi Bendi ya Laivu kwa Harusi Dar es Salaam: Saa, Umeme na Mkataba

Kamati nyingi za harusi zikishaamua kuleta bendi huanza kuulizia bei. Anzeni na saa. Ukumbi wenu unazima muziki saa ngapi? Ukitoa maharusi kuingia, utambulisho, keki, chakula, zawadi na nasaha, zinabaki dakika ngapi za watu kucheza? Kadi nyingi za Dar huandikwa saa 12 jioni, na kumbi nyingi hutaka kufunga saa 6 usiku. Kwenye karatasi hizo ni saa sita nzima. Maharusi wakichelewa kwenye picha za ufukweni wakaingia saa 3 kasoro, nusu ya muda imeshaliwa, na bendi iliyolipwa kwa usiku mzima inaanza kuchezesha watu saa 5:20, wakati wazee wameshaanza kuulizia usafiri. Hela ya bendi hupotelea hapo kuliko mahali pengine popote.

Kwa hiyo, kabla ya kumpigia simu kiongozi wa bendi yoyote, andikeni ratiba ya ukumbini na mwitengee dansi dakika 75 ambazo hazitaguswa. Zikikosekana, chukueni DJ mzuri na hela inayobaki iongezeni kwenye chakula. Ni uamuzi wa heshima kabisa.

Bendi ipi hasa

Mtu akisema "tutaleta bendi" kikaoni, kila mjumbe anawaza kitu chake. Matarumbeta ni wale wanaokaa nyuma ya pikapu wakiongoza msafara kutoka kanisani au nyumbani kwa bibi harusi. Hao hulipwa kwa safari au kwa saa na hawana uhusiano na muziki wa ukumbini, ingawa wengine huingia na maharusi mpaka ndani kwa dakika kumi. Mkiwataka, kubalianeni nao mapema nani anatoa pikapu na mafuta, maana ugomvi wa asubuhi ya harusi huwa ni huo.

Ukumbini kuna mpiga kinanda na mwimbaji wake, wanaotosha kwa wageni wasiozidi 100 na muziki wa chakula. Kuna bendi ndogo ya watu watano au sita: kinanda, gitaa, besi, dramu, mwimbaji mmoja au wawili. Halafu kuna bendi kamili ya watu 10 hadi 14, yenye gitaa la solo na la ridhimu, tumba, waimbaji watatu, pengine saksafoni au tarumbeta. Kwa ukumbi wa wageni 250 mpaka 400, bendi ndogo yenye mitambo mizuri inawatosha wengi. Bendi kamili inaleta raha isiyo na mfano, lakini inataka jukwaa, umeme na muda ambao harusi yenye ratiba iliyobana haina.

Mkichagua muziki wa dansi wa kizamani, mjue umbo la nyimbo zake. Kwa mtindo wa bendi kama NUTA Jazz iliyoanza 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, au Mlimani Park ya 1978 tuliyoizoea kwa jina la Sikinde, wimbo huanza taratibu kwa mashairi kisha ndiyo unaingia chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea. Wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 7 hadi 10. Dakika 45 ni nyimbo tano au sita basi. Watu wa harusi hunyanyuka kwenye chemko, kwa hiyo mwombeni kiongozi wa bendi afupishe mashairi ya mwanzo kwenye awamu ya kucheza, na nyimbo ndefu za kusikiliza aziweke wakati wa chakula. Bendi yenye uzoefu wa harusi italielewa ombi hilo kabla hamjamaliza sentensi.

Taarab ina utaratibu wake. Wageni wanakwenda mbele kumtunza mwimbaji, noti mkononi, na wimbo unarefuka kadiri watunzaji wanavyomiminika. Semeni waziwazi kwenye makubaliano kwamba tunzo ni ya wasanii, kwa sababu ndivyo ilivyo desturi, na bei yenu iwe imezingatia hilo. Acheni nafasi ya angalau mita tatu mbele ya jukwaa bila meza. Wapambaji hupenda kuijaza.

Jambo moja zaidi kabla ya bei: familia zote mbili zinakubali muziki gani? Kuna nyumba za walokole zisizotaka nyimbo za mapenzi ya dunia, na kuna nyumba za Kiislamu zinazotaka dufu na kaswida tu, au taarab kwa kina mama peke yao. Mshenga au shangazi akiulizwa mapema, hilo humalizika kwa simu moja.

Kuwaona na kuwabana

Msichague kwa video za mtandaoni, nyingi zimepachikwa sauti ya studio. Bendi za Dar hupiga kwenye hoteli na baa karibu kila wiki. Tumeni wajumbe wawili wakakae mpaka awamu ya pili, maana awamu ya kwanza kila bendi inajitahidi. Waangalie mambo matatu: kama wanapiga laivu kweli au mwimbaji anafuatisha muziki wa kwenye flashi, wanakaa kimya muda gani kati ya wimbo na wimbo (zaidi ya nusu dakika, wachezaji wanarudi vitini), na kama maneno ya mwimbaji yanasikika mkiwa nyuma kabisa.

Kisha ulizeni: siku yetu watakuja hawa hawa? Bendi yenye kazi mbili Jumamosi moja hugawanyika, na nafasi zinazibwa na deiwaka, wapigaji wa kuokoteza wa siku moja, ambao hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Kwenye mkataba waandikeni kwa majina mwimbaji kiongozi, mpiga solo na mpiga kinanda. Hao watatu ndio sauti ya bendi. Mpiga tumba akibadilika mtapona.

Tarehe nazo zinabana. Makanisa mengi hayafungishi ndoa Kwaresima, na Waislamu wengi huahirisha sherehe Ramadhani, kwa hiyo Jumamosi za baada ya Pasaka, za baada ya Idi na za Desemba hugombaniwa. Kwa siku hizo shikeni bendi miezi minne hadi sita kabla. Harusi ya Ijumaa au Jumapili hupata punguzo, ombeni tu.

Mkataba

Mkataba uwe wa maandishi, hata kama kiongozi wa bendi ni mtoto wa jirani. Na usainiwe na mtu, siyo "Kamati ya Harusi". Kamati huvunjwa siku chache baada ya sherehe kwa supu na vinywaji, na hakuna wa kumdai wala wa kudaiwa. Bwana harusi au mwenyekiti aweke jina na saini yake, na shahidi kila upande. Upande wa bendi, ulizeni kama wamesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Bendi inayofanya kazi rasmi haikasiriki kuulizwa.

Kilicho muhimu ndani yake: ukumbi na tarehe, saa ya mitambo kufika, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya wanamuziki, idadi ya awamu na urefu wake, nani analeta spika na fundi mitambo, nani analipa usafiri wa kwenda na kurudi usiku, na bei ya kila nusu saa ya ziada. Hiyo bei ya ziada ndiyo husahaulika. Saa 6 kasoro ukumbi umechangamka, mjomba anasema "wapige kidogo tu", na bendi inataja bei inayoitaka. Ikiwa imeandikwa, hakuna wa kutajiwa bei usiku.

Malipo: kianzio asilimia 40 au 50 wakati wa kusaini, kwa risiti. Michango huwa inachelewa, na ahadi nyingi hulipwa wiki ya mwisho, kwa hiyo msikubali tarehe ya malipo ya pili iliyo mwezi mmoja kabla wakati mfuko bado una nusu. Salio lilipwe siku yenyewe, baada ya mitambo kufungwa na kujaribiwa na wanamuziki wote kuonekana kwa macho, kabla maharusi hawajaingia. Bendi haitapanda jukwaani bila salio na ina haki. Mweka hazina asiwe kwenye msafara wa bibi harusi saa hiyo. Awe ukumbini, simu ina chaji na hela iko tayari. Andikeni pia bendi itarudisha nini ikishindwa kuja, na nyinyi mtapoteza nini tarehe ikisogezwa kwa msiba.

Umeme na sauti

Hapa ndipo harusi nzuri huharibika mbele ya wageni, na karibu mara zote sababu ni ile ile: vitu vingi kwenye laini moja. Mpambaji amechomeka taa zake, mpishi amechomeka vyombo vya kupashia chakula, kuna skrini kubwa, kisha besi inapiga noti ya kwanza na breka inaruka. Tembeleeni ukumbi na fundi mitambo, siku ya kazi, mwulize fundi umeme wa ukumbi laini ya jukwaa ni ipi na inabeba nini kingine. Mpishi na mpambaji wapewe laini nyingine. Ekstensheni za kuunganisha moja juu ya nyingine zisikaribie mitambo ya bendi.

Jenereta ya ukumbi si jibu mpaka mwione ikiwaka. Kwa bendi ya watu 10, spika zake na taa za jukwaa, pangeni jenereta ya kVA 20 kwa ajili yao peke yao. Ikibeba mzigo mzuri hutumia dizeli lita 4 hadi 5 kwa saa, hivyo lita 40 ziwepo kwenye tangi kabla ya saa 12 jioni. Ulizeni nani anaiwasha na analala wapi. Kama inabadilishwa kwa mkono, giza ni la dakika tatu hadi tano, na mikisa ya kidijitali, ile mashine ya kuchanganyia sauti, inahitaji muda mwingine kuamka. Betri ya kulinda mikisa (UPS) ni kitu kidogo kinachookoa dakika hizo.

Jukwaa la bendi kamili lisiwe chini ya mita 6 kwa 4, dramu peke yake inachukua mita 2 kwa 2. Spika za mbele zikae mbele ya maikrofoni, zisiwe nyuma yake, vinginevyo mitambo inapiga mluzi kila mwimbaji anaposogea. Kosa hili huletwa na mapambo: spika "zinaharibu picha", mpambaji anazisukuma nyuma ya pazia au anazifunika maua. Mkutanisheni na fundi mitambo wiki moja kabla, wachore pamoja kila kitu kinakaa wapi. Kumbi nyingi zina bati juu, marumaru chini na vioo pembeni, sauti inagonga na kurudi. Mapazia ya mapambo husaidia kuimeza, na spika zielekezwe uwanja wa kuchezea, zisielekezwe ukuta wa nyuma. Meza za wazee na za watoto wachanga ziwe mbali na spika. Bibi akiziba masikio kwa kitenge tangu saa 2, hamtamsikia akisema, lakini ataondoka kabla ya keki.

Mitambo iingie saa 8 mchana, ifungwe na kujaribiwa mpaka saa 11, na kazi hiyo iishe kabla mgeni wa kwanza hajakaa.

MC, ratiba na nyimbo

MC na kiongozi wa bendi wakutane kabla ya siku hiyo. MC awe na maikrofoni yake isiyotegemea ya waimbaji, na wakubaliane ishara ya kuanza na kukata. Wakigombea sauti, wageni ndio wanaoumia. Pa kupunguza muda ni utambulisho: kila upande ukisimamisha ukoo mzima na kamati ikasimama yote, dakika 40 zimekwenda. Msemaji mmoja kila upande, dakika tano.

Wageni wakiingia, bendi ipige taratibu bila dramu. Wakati wa zawadi ndipo mtakapoona faida ya laivu. DJ ana wimbo wa dakika nne. Kina mama wa upande wa bwana harusi wako arobaini, wamebeba beseni, godoro na vitenge, wanakuja kwa mwendo wa kucheza, hatua mbili mbele moja nyuma, na wimbo unakatika wakiwa katikati ya ukumbi. Bendi inaurefusha mpaka mama wa mwisho atue mzigo, na mwimbaji anataja ukoo wake. Kwa sababu hiyo mpeni mwimbaji karatasi yenye majina ya maharusi, wazazi na koo, yaliyoandikwa yanavyotamkwa. Jina la mama mkwe likikosewa kwenye spika litakumbukwa miaka.

Wimbo wa kabila, wa Kihaya au wa Kichaga mathalan, ambao bendi haiujui, upelekeni wiki tatu kabla ukiwa umerekodiwa, na msizidishe nyimbo mpya mbili.

Wahesabuni wanamuziki na mafundi kwenye sahani za mpishi, na wale kabla ya wageni, saa 12 hivi. Wasipokula mapema, watakula wakati wa dansi. Maji yawepo jukwaani. Pombe ngojeni mpaka kazi iishe.

Kufungua mitambo huchukua karibu saa nzima. Mwambieni meneja wa ukumbi mapema kwamba taa za jukwaani zibaki zinawaka na lango lisifungwe mpaka gari la vyombo litoke.