Kilima cha Sialk, Kashan: namna ya kwenda kutoka Dar na kukielewa ukifika

Ukiwa umezoea magofu ya Kunduchi au Kaole, ambako kuta za matumbawe na chokaa bado zimesimama, Sialk, makazi ya kale yaliyo Kashan nchini Iran, itakuvunja moyo dakika za mwanzo. Utakuta kichuguu kikubwa cha udongo wa kaki, uzio, na njia ya kupitia wageni. Wengi hupiga picha mbili tatu, wakaenda zao kwenye bustani ya Fin. Kumbe watu walianza kuishi hapo karibu mwaka 6000 KK, na aliyejiandaa hukaa saa mbili na bado akatamani kuendelea.

Maandalizi ukiwa Dar

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Utaunganisha Doha, Dubai au Istanbul hadi uwanja wa Imam Khomeini, ambao kwenye tiketi huandikwa IKA. Uwanja huo uko nje ya Tehran upande wa kusini, kwenye njia ya kwenda Qom na Kashan. Kwa hiyo ukitaka Kashan peke yake, usiingie mjini kupambana na foleni. Chukua teksi moja kwa moja, mwendo wa saa mbili hadi tatu. Basi ni rahisi zaidi kwa bei, ila huanzia kituo cha Kusini, Tehran kwenyewe. Saa ya kule iko mbele ya yetu kwa nusu saa tu, na hiyo nusu saa ndiyo inayowachelewesha watu basi.

Mwanzoni mwa 2024 Iran iliwaondolea Watanzania viza kwa ziara ya siku 15 kwa wanaoingia kwa ndege. Masharti ya namna hii hubadilika, hivyo uliza ubalozi wa Iran hapa Dar kabla ya kulipa nauli. Hali ya usalama nayo ifuatilie kwa makini: Juni 2025 vita vilifunga anga ya Iran na abiria wakakwama. Nunua tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe, hata kama ni ghali kidogo.

Kosa kubwa kuliko yote ni la fedha. Kwa sababu ya vikwazo, kadi za benki zetu hazifanyi kazi kule, si kwenye mashine wala dukani. Beba dola au yuro taslimu za safari nzima, noti safi zisizochanika wala kuandikwa kalamu. Ukifika, bei nyingi zitatajwa kwa toman ilhali noti zimeandikwa riali. Toman moja ni riali 10. Kila ukitajiwa bei, uliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Kashan iko ukingoni mwa jangwa la Dasht-e Kavir. Julai joto hupita nyuzi 40, na usiku wa Januari maji huganda. Nenda Aprili hadi katikati ya Mei, au Oktoba na Novemba. Epuka wiki mbili za Nouruz, mwaka mpya wa Wairani, kuanzia tarehe 20 au 21 Machi, maana Iran nzima huwa barabarani. Wanawake wabebe mtandio na nguo ndefu ya mikono. Droni iache nyumbani.

Kwa nini ni kilima

Nyumba ya tofali bichi, isipopakwa udongo upya, huporomoka. Kwetu masika humaliza kazi hiyo upesi na maji hubeba udongo wote. Kashan hupata mvua isiyofika milimita 150 kwa mwaka, kwa hiyo udongo ulibaki palepale. Watu walisawazisha kifusi wakajenga juu yake, kizazi baada ya kizazi, mpaka makazi yakawa kilima.

Vilima ni viwili, vimeachana kama mita 600. Cha kaskazini ndicho cha kale zaidi. Cha kusini kilishika zamu baadaye, katika milenia ya nne KK, na ndicho wageni huonyeshwa. Ukitaka kukiona cha kaskazini, uliza mlangoni. Mwanaakiolojia Roman Ghirshman alivichimba kwa niaba ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris, mwaka 1933, 1934 na 1937. Kuanzia 1999 timu ya Wairani chini ya Sadegh Malek Shahmirzadi ikarudia kazi.

Kukisoma kwa macho

Fika mapema asubuhi. Jua likiwa chini, kila kiungo cha tofali hutupa kivuli chembamba. Saa sita mchana ukuta wote huwa rangi moja na huoni kitu. Simama mbele ya ukuta uliochimbwa, tafuta mistari miembamba ya rangi tofauti inayozunguka mistatili. Mistari hiyo ni udongo wa kuunganishia, na mistatili ndiyo matofali. Ukishaliona moja, mengine hujitokeza yenyewe. Ukanda mweusi ni majivu. Ukanda mgumu ulionyooka, mara nyingi, ni sakafu. Chini ya sakafu za zamani kabisa ndiko walikozikwa wafu, wamekunjwa magoti na kupakwa udongo mwekundu.

Angalizo: sehemu laini, zenye vipande vya makapi ya ngano, ni plasta ya juzi. Wahifadhi wa Iran hupaka mchanganyiko wa udongo na makapi uitwao kahgel, sawa na sisi tunavyokandika nyumba, ili mvua isile tofali la kale. Watu hupiga picha plasta hiyo wakidhani ina miaka elfu tano.

Jengo kubwa la matofali lililo juu ya kilima cha kusini utaambiwa ni zigurati, yaani mnara wa hekalu uliojengwa kwa ngazi, na tena kwamba ni ya karibu 2900 KK. Huo ni mtazamo wa Malek Shahmirzadi. Wataalamu wengine wanaliona kuwa jukwaa la Enzi ya Chuma, yaani la baadaye sana. Ubao wa mlangoni usikufunge akili.

Vyombo vyenyewe haviko hapo. Bora zaidi viko Makumbusho ya Taifa ya Iran mjini Tehran na Louvre. Ukipata siku ya Tehran, anza na makumbusho. Tazama vyungu vya Sialk III, yaani kipindi cha tatu cha makazi hayo, vilivyofinyangwa kwa gurudumu na kuchorwa mbuzi wa milimani wenye pembe zilizopinda hadi mgongoni. Vibao vya maandishi ya awali ya Elam, dola ya kale ya kusini-magharibi mwa Iran, vya karibu 3000 KK. Na birika za makaburi ya Enzi ya Chuma, zenye mdomo mrefu kama wa korongo. Ukiwa umeviona hivyo, kigae kilicho ardhini kitakuwa na maana.

Kigae hicho usikiokote, hata cha ukubwa wa kucha. Kutoka na mali ya kale ni kosa la jinai, na mizigo hukaguliwa uwanjani. Kosa jingine ni kutoa kamera ovyo kwenye barabara ya Kashan kwenda Natanz: kuna kituo cha nyuklia na ulinzi mkali. Neno durbin ukilisikia, ni kamera. Ndilo ndugu wa darubini yetu.

Ukitoka hapo

Sialk iko kilomita tatu au nne kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya Amir Kabir. Endelea mbele na barabara hiyohiyo hadi bustani ya Fin, ufuate mifereji yake mpaka chemchemi ya Soleymaniyeh. Maji hayo ndiyo yaliyowaweka watu ukingoni mwa jangwa, kwa hiyo chemchemi ni sehemu ya ziara ya Sialk, ingawa tiketi ni mbili.

Mei ni msimu wa kukamua maji ya waridi huko Qamsar, jirani na Kashan. Ukinunua ya kujazia mrashi wa harusi nyumbani, funga kizibo kwa utepe wa plastiki, tia chupa ndani ya mifuko miwili na uiweke kwenye begi la chini. La mkononi haliruhusu zaidi ya mililita 100.