Namna ya kuiweka simu kando kwa saa 24

Mara ya kwanza nilidumu saa tatu. Nilizima simu, nikailaza mezani kifudifudi, halafu nikawasha kompyuta "kuangalia hali ya hewa tu". Niliifunga saa sita usiku. Nimekosea kwa namna nyingine nyingi tangu hapo, na utaratibu uliosalia ni huu.

Hatua ya 1: Uchunguze mkono wako

Siku tatu kabla, usibadilishe chochote. Ingia kwenye mipangilio. Simu nyingi za baada ya 2018 huhesabu muda unaotumia kwenye kila programu na mara unazoifungua simu kwa siku. Muda wa jumla usikushtue, maana umechanganya kazi, ramani na umbea. Tazama idadi ya mara.

Kisha chukua karatasi. Kila mkono unapoifuata simu, andika ulikuwa unafanya nini sekunde moja kabla. Yangu ilikuwa hivi: foleni, maji yanachemka, sentensi imenigomea, foleni, kitandani, sentensi imenigomea. Kumbe sikuwa na kiu ya habari yoyote. Nilikuwa nakimbia kusubiri na kazi ngumu, basi. Itunze karatasi hiyo, tutairudia.

Hesabu ikiwa kubwa, usijilaumu sana. Ule ukurasa unaoperuzi bila kufika chini ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, ambaye mwenyewe amekiri hadharani kuujutia. Kitabu kina mwisho wa sura. Huku hakuna kituo cha kushukia.

Hatua ya 2: Aga

Siku moja kabla, watumie ujumbe wanaokutafuta mara kwa mara. Wangu husema: "Kesho saa 12 jioni hadi keshokutwa saa 12 jioni sishiki simu. Ikiwa dharura, nipigie mara mbili mfululizo." Usieleze sababu. Utaanzisha mjadala, na mjadala wenyewe utafanyikia humohumo unamotaka kutoka.

Hatua ya 3: Acha mlango mmoja

Zima data na Wi-Fi, washa hali ya Usinisumbue, kisha ruhusu watu wachache pamoja na wanaorudia kupiga. Kwenye iPhone, mtu yuleyule akipiga tena ndani ya dakika tatu simu italia. Kwenye Android nyingi ni ndani ya dakika 15. Mwombe mtu ajaribu kukupigia kabla hujaanza. Wenye zamu ya dharura kazini wachague siku nyingine.

Hatua ya 4: Itoe chumbani

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwapa watu majaribio ya akili, simu zao zikiwa kimya. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani. Tafiti za baadaye hazijakubaliana zote, lakini kwangu mimi droo ya chumba cha pili, sauti ikiwa juu, imefanya kazi kuliko nia njema yoyote. Kompyuta nayo iende hukohuko. Na utahitaji saa ya kengele, la sivyo simu itarudi kitandani kwa kisingizio cha kukuamsha.

Hatua ya 5: Irudie karatasi

Kila neno uliloandika litakujia siku hiyo, kwa hiyo liandalie kitu. Foleni: kijitabu na kalamu. Kitandani: kitabu cha karatasi. Sentensi ikigoma, nasimama, nazunguka chumba mara mbili, nakaa tena. Saa mbili za kwanza ndizo mbaya. Utahisi paja linatetemeka na mfuko ni mtupu. Huwatokea wengi, hauumwi.

Hatua ya 6: Kurudi

Usimeze arifa zote kwa mkupuo. Anza na waliokupigia, kisha ujumbe wa mtu mmojammoja, makundi yawe mwisho. Programu ambayo hukuikumbuka hata mara moja kwa saa zote 24, ifute kabla hujaifungua. Kwangu ya kwanza kufutwa ilikuwa ile ya hali ya hewa.