Somo: kumjazisha askari fomu ya kiwewe cha vita (PCL-5)

Kila wiki naulizwa jambo hili hili, kwa hivyo naliandika mara moja. Fomu hii mtu hujijazia mwenyewe. Ina maswali 20, kila moja hupewa alama 0 hadi 4.

1. Tumia toleo la sasa. Lile la zamani la wanajeshi lilikuwa na maswali 17 na alama zilianzia 1, hivyo asiye na dalili yoyote alipata 17.

2. Ajibu kuhusu mwezi uliopita tu.

3. Mwache peke yake na karatasi. Hapa ndipo nilipokosea. Jamaa aliyerudi kutoka Somalia aliletwa kwangu hapa Nakuru na kaka yake, nami nikamruhusu kaka aketi kando. Jamaa akaweka sufuri kutoka juu hadi chini, kalamu ikimteleza kwa jasho. Nusura niandike yuko sawa. Kaka alipotoka kupokea simu, akanisukumia ile karatasi: "Nipe nyingine." Ya pili ilifika 47. Tangu siku hiyo haketi mke, kaka wala mkubwa wa kazi chumbani. Na kabla hajashika kalamu, mweleze karatasi itawekwa wapi na nani ataisoma. Anayehofia kupoteza kazi ataficha, na huwezi kumlaumu.

4. Jumlisha. Akifika 31 hadi 33 au zaidi, apelekwe kwa mtaalamu akahojiwe.

MASWALI

Otis, Kisumu: Shemeji amepata 35. Ni mgonjwa?
– Soma hatua ya 4.

Otis: Lakini 35 imepita.
– Imepita, ndiyo maana anahojiwa. Fomu peke yake haithibitishi ugonjwa. Usimwite mgonjwa mbele ya watoto wake.

Nekesa, Bungoma: Mwalimu, mbona mwezi mmoja?
– Umeuliza vyema, dada. Wiki za kwanza wengi hukosa usingizi na kushtuka mlango ukibamizwa, kisha hutulia. Dalili zikizidi mwezi ndipo tunafikiria ugonjwa huu. Akishaanza tiba, mpe fomu tena ulinganishe. Alama zikishuka 10 au zaidi, kuna nafuu ya kweli.

Nekesa: Sijaona swali la kujiua.
– Halimo. Muulize kwa mdomo, waziwazi. Akisema anawaza kujiua, usimwache peke yake, nenda naye hospitali siku hiyo hiyo.

Kiprono, Lanet: Naongeza: kiti chake kielekee mlango. Mjomba wangu hakumaliza hata swali la pili akiwa ameupa mgongo.
– Asante sana, ndugu. Kesho nageuza meza.