Bizimu la zamani lililokarabatiwa: anza na mgongo

Ukiletewa bizimu la mkanda lenye umbo la yai na herufi US, la askari wa Muungano (upande wa Kaskazini) katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), usihangaike na uso. Ligeuze. Mbele ni bamba jembamba la shaba ya njano. Nyuma pamejazwa madini ya risasi, na ndoano zimezamishwa humo. Risasi ya zamani hufubaa ikawa na utando wa kijivu cheupe. Ukiona mng'ao umezunguka shina la ndoano moja tu, hapo pamelehemiwa upya. Hilo si feki, shusha bei tu. Ninalolikimbia mimi ni lile lenye uso wa kizee na mgongo mzima unaometameta. Halafu nawa mikono, risasi ni sumu.