Bei za gemu Steam: kwa nini mwenzako analipa kidogo, na wewe ufanyeje

Wadau kuna swali linarudi kila siku, mbona gemu ileile kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mtu wa India analipa nusu ya bei yangu au chini ya hapo. Jibu fupi ni kwamba bei inapangwa na mwenye gemu, nchi kwa nchi, na Steam wanampa tu mapendekezo kulingana na hali ya uchumi wa huko. India wana rupia yao, Afrika Kusini wana randi yao. Sisi Tanzania na Kenya hatuna shilingi mle ndani, tumewekwa kwenye dola, na mara nyingi ni dola ileile ya Mmarekani. Ndugu zetu wa Oman tangu Novemba 2023 wako kwenye kapu la dola la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini ambalo lina bei zake, sisi hatumo.

Sasa piga hesabu. Gemu ya dola 59.99, ukiweka dola kwa shilingi 2,600 za Tanzania, ni kama 156,000, na hapo benki haijagusa. Benki inabadilisha dola kwa bei yake na nyingine zinakata na makato juu, kwa hiyo kabla hujanunua kitu kikubwa jaribu kwanza kitu cha dola moja mbili uone zimetoka shilingi ngapi kweli. Usiende na hesabu ya Google, itakudanganya.

Najua unachowaza, VPN, ile programu ya kujifanya uko nchi nyingine. Achana nayo. Steam wanaangalia malipo, ukitaka kuhamisha nchi ya akaunti lazima ununue kwa njia ya malipo ya nchi hiyo, na huruhusiwi kubadilisha zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu. Kudanganya uko wapi ni kuvunja masharti yao na akaunti inaweza kufungiwa, na humo ndimo gemu zako zote zilipo. Watu walikimbilia sana Argentina na Uturuki kwa sababu bei ilikuwa karibu na bure, mwisho wake Novemba 2023 zote mbili zikahamishiwa dola na wenyeji wa huko ndio walioumia, mtu kaamka bei zimepanda mara kadhaa.

Zawadi kutoka kwa rafiki aliye nchi ya bei rahisi nayo inagoma tofauti ya bei ikiwa kubwa. Na zile namba za kuwashia gemu zinazouzwa mitandaoni, angalia zimefungwa kwa nchi gani kabla hujalipa. Mimi nilinunua moja kwa papara, kuiingiza naambiwa haifanyi kazi nchini kwangu, muuzaji kimya mpaka leo.

Kinachofanya kazi ni hivi. Fungua SteamDB, tovuti inayofuatilia bei za Steam, tafuta gemu yako, utaona bei ya kila sarafu na bei ya chini kabisa iliyowahi kufika kwenye dola. Hiyo ya chini ndiyo bei yako. Kama ilishawahi kushuka mpaka dola 15 kwa nini ulipe 60, iweke kwenye wishilisti, yaani orodha yako ya gemu unazozitaka pale Steam, ikishuka barua pepe inakuja. Ofa kubwa zinakuja mwishoni mwa mwezi wa 6 na Desemba karibu na Krismasi, weka hela mapema kwenye kadi ya malipo unayotengeneza kwenye simu maana siku hizo mtandao wa malipo ukigoma utalia. Linganisha na GOG pia, duka jingine la gemu, na duka la Epic kila wiki wanatoa gemu ya bure, chukua hata kama huna muda wa kuicheza.

Ukinunua ikakukera au kompyuta ikashindwa kuibeba, Steam wanarudisha hela ndani ya siku 14 mradi hujacheza kufikia saa 2. Kwa hiyo ukishapakua usiiache imefunguka ukaenda kula, dakika zinahesabika.